Wanaomaliza Kidato cha Sita na Vyuo Vikuu Vinavyowangojea: Hali ya Arua na Koboko



Katika nchi nyingi za ng'ambo wakuu wa vyuo vikuu wameingiwa na hofu ambayo waliowatangulia hawakuijua, nayo ni hofu ya kukosa wanafunzi. Japani ilikuwa na vijana zaidi ya milioni 2 wenye umri wa miaka 18 katika mwaka 1992. Siku hizi wamezidi milioni 1 kwa kidogo tu, na zaidi ya nusu ya vyuo vikuu vya watu binafsi katika nchi ile havipati wanafunzi wa kujaza nafasi zake. Marekani nako walizaliwa watoto zaidi ya milioni 4 na laki 3 mwaka 2007, na tangu mwaka ule idadi ya wazaliwa haikufika tena hapo. Watoto wale walitimiza miaka 18 mwaka 2025, na nyuma yao safu inapungua. Vyuo vidogo vidogo vya huko, vilivyokuwa vikiishi kwa karo peke yake, vimekuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine.

Mtu wa Arua au wa Koboko akizipata habari hizi huzipokea kama apokeavyo habari za theluji. Ni kweli, lakini si za kwake. Hapa watoto hawakupungua. Uganda ilihesabiwa watu wapatao milioni 6 na nusu mwaka 1959, milioni 24 mwaka 2002, milioni 34 na laki 6 mwaka 2014, na milioni 45 na laki 9 mwaka 2024. Karibu nusu ya hao ni watoto ambao hawajatimiza miaka 18. Katika miaka ya 1990 mwanamke mmoja, kwa wastani, alizaa watoto karibu 7. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wastani huo umeteremka hadi 5 na kidogo. Umeteremka, ndiyo, lakini akina mama wenyewe wameongezeka, na kwa hiyo madawati ya darasa la kwanza hayatapata nafasi ya kupumua kwa miaka mingi ijayo.

Mwenye kuitazama hesabu hiyo peke yake atakata shauri upesi kwamba vyuo vikuu vya West Nile vina neema ya wanafunzi isiyokwisha, na kwamba kazi iliyobaki ni kujenga tu. Rai ya namna hiyo husikika mara nyingi panapokutana Waislamu wenye kuipenda elimu. Wataka kupata kiwanja, kumtafuta mfadhili, na kusimamisha jengo lenye jina. Rai hiyo ina nia njema, lakini imejengwa juu ya hesabu isiyo yake. Chuo kikuu hakijazwi na watoto waliozaliwa. Kinajazwa na vijana waliomaliza kidato cha sita na kufaulu masomo makuu mawili, na kati ya kuzaliwa na kufika hapo pana safari ya miaka 13 darasani, ambayo wengi huiacha njiani.

Tazama mwaka mmoja tu, mwaka 2024. Waliojiandikisha kwa mtihani wa darasa la saba katika Uganda nzima walikuwa karibu 800,000. Wa kidato cha nne walikuwa karibu 360,000. Wa kidato cha sita walizidi 140,000 kwa kidogo. Hao si watoto wale wale waliofuatwa mwaka hata mwaka, ni watu wa marika matatu mbalimbali waliokutana katika mwaka mmoja. Hata hivyo umbo la jambo laonekana waziwazi. Ni kama mto unaoingia mashambani ukiwa mpana na kutokea upande wa pili ukiwa mfereji. Na katika hao wa mwisho, takriban theluthi mbili tu ndio hupata masomo makuu mawili yanayohitajiwa. Ndiyo sababu vijana wa Uganda walio katika elimu ya juu hawafiki 10 katika kila 100 wa umri wao.

Maji haya yalianza kupotea zamani. Mwaka 1997 Serikali ilipoondoa karo katika skuli za msingi, wanafunzi waliruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 kwa mara moja. Wazazi walipanga mistari mirefu kwenye milango ya skuli, na darasa la kwanza peke yake liliandikisha zaidi ya milioni 2. Rika hilo lilipaswa kufika darasa la saba mwaka 2003. Waliofika hawakutimia robo. Wengine walirudia madarasa, wengine waliitwa shambani na sokoni, wengine waliolewa, na wengine walikaa darasani miaka mitano bila kujua kusoma, wakaona hakuna haja ya mwaka wa sita. Mwaka 2007 ikaja elimu ya sekondari isiyo na karo, na mwaka 2012 mpango kama huo kwa vidato vya tano na sita. Kila mlango uliofunguliwa ulileta wimbi, na kila wimbi lilivunjika kabla ya kufika ng'ambo, lakini hata povu lililosalia lilitosha kuongeza idadi ya vyuo vikuu katika nchi, vya Serikali na vya watu binafsi, kwa kiasi ambacho mwanafunzi wa Makerere wa mwaka 1960 asingekiamini.

Hayo ni ya nchi nzima. West Nile ina habari yake, na Waislamu wa West Nile wana yao ndani ya hiyo.

Sehemu hii iliingizwa katika Uganda mwaka 1914, ikitoka katika mikono ya Sudan, na hapo kabla ilikuwa chini ya Wabelgiji. Wamisionari wa Verona na wale wa African Inland Mission walifika mwishoni mwa muongo huo huo, na tangu siku hizo elimu ya kizungu na dini ya Kikristo vilifika nyumbani vikiwa wageni wawili waliofuatana. Mzazi hakuweza kumkaribisha mmoja na kumfungia mlango mwenziwe. Ruzuku ya Serikali ya kikoloni ilipitia kwa misheni. Skuli kama Ombaci na Mvara, ambazo zimewatoa watu wengi wa maana katika jimbo hili, zilikuwa za wenyewe, na Mwislamu aliyempeleka mtoto wake aliogopa, wala si bure, kwamba angerudi na jina jingine. Basi wengi walibaki na madrasa, wakawapa watoto Kurani na adabu, na riziki wakaitafuta katika biashara, udereva, uchinjaji na uaskari. Hakuna haja ya kuwalaumu wazee wale. Waliilinda dini yao kwa njia waliyoijua. Ila gharama ya ulinzi huo ilikuja kulipwa na wajukuu, kwa kuwa elimu ya sekondari ni kama mnazi: anayeula si aliyeupanda, na asiyepandiwa hana cha kuangua.

Huko Buganda jitihada zilianza mapema kidogo. Jumuiya ya Uganda Muslim Education Association iliundwa katika miaka ya 1940, na Prince Badru Kakungulu alitoa ardhi ya Kibuli, ambako skuli ya sekondari ilifunguliwa mwaka 1959. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 Serikali ilishika usimamizi wa skuli zote zilizopata ruzuku, na mtoto wa Kiislamu akaweza, walau katika maandishi ya sheria, kuingia popote. Lakini kutoka Koboko hadi Kibuli palikuwa na siku za safari, na Mto Nile katikati.

Kisha yakaja mambo ambayo wenye umri hapa hawahitaji kusimuliwa. Utawala wa Idi Amin ulianguka Aprili 1979. Oktoba 1980 jeshi lilipoingia West Nile, watu wa Arua na Koboko, pamoja na Aringa na kwingineko, walivuka mipaka kwa makumi ya maelfu kwenda Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa mle mle walimojificha. Skuli zilikuwa magofu. Waliorudi baada ya mwaka 1985 na 1986 walirudi na watoto waliozaliwa ugenini, na vijana waliokuwa na miaka 12 walipoondoka walikuwa wamekwisha kuwa baba na mama. Rika zima lilipita bila kidato cha sita. Katika hesabu za elimu jambo la namna hii haliishi na rika lililopatwa. Mwalimu wa hesabu na fizikia ambaye angekuwa mkuu wa idara leo katika skuli ya Koboko hakusoma, kwa hiyo hakufundisha. Na mwanafunzi ambaye angefundishwa naye alichagua somo jingine. Machafuko ya miaka ya 1990 yaliongeza chumvi katika kidonda, hata mapatano yalipotiwa sahihi Yumbe Desemba 2002.

Ni juu ya ardhi hiyo ndipo vyuo vikuu viliposimama.

Kuna kisa cha kukumbukwa hapa. Wazo la chuo kikuu cha Kiislamu katika Uganda lilikubaliwa katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu mjini Lahore mwaka 1974, naye rais wa Uganda aliyehudhuria asili yake ilikuwa Koboko. Chuo chenyewe kilifunguliwa tarehe 10 Februari 1988, na kilifunguliwa Mbale, kikiwa na wanafunzi 80. Miaka 14 ilipita kati ya neno na jengo, na rais mwenyewe alikuwa uhamishoni Saudi Arabia. Baadaye chuo hicho kilifungua matawi, likiwamo tawi la Arua na tawi la wanawake huko Kabojja, Kampala. Serikali nayo ilianzisha Chuo Kikuu cha Muni, Arua, mwaka 2013, kikiwa cha 6 katika vyuo vikuu vya umma. Hata jina la kilima kile kidogo likaingia katika orodha moja na Makerere, Mbarara na Gulu.

Muni kilianza kwa kutia mkazo teknolojia ya habari na masomo ya sayansi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa nchi, kwani wahitimu wa sanaa wasio na kazi wametosha. Lakini tazama matokeo yake kwa kijana wa hapa. Chuo kimejengwa uani kwake, naye hana ufunguo wa mlango. Ili aingie masomo mengi ya pale yampasa awe amefaulu hesabu, fizikia, kemia au bayolojia katika kidato cha sita. Na skuli nyingi za gombolola zilizojengwa katika miaka ya karibuni huishia kidato cha nne, na zile zinazoendelea hadi cha sita aghalabu huwa na historia, dini na jiografia, kwa sababu masomo hayo hayahitaji maabara wala dawa za kuchanganya. Mtihani wa sayansi kwa vitendo hauwezi kufanywa kwa ubao na chaki. Kwa hiyo nafasi za Arua huchukuliwa, kwa haki kabisa, na vijana waliosoma Kampala, Wakiso na Mbarara, na kijana wa Koboko hubaki akiuza muda wa simu kando ya barabara ya Oraba. Wageni wale wana heri. Wamelipa kodi ya nyumba na kununua chakula sokoni. Ila chuo kilichotarajiwa kuinua mkoa hakiwezi kuuinua kwa kupangisha vyumba.

Na vyuo vinavyoishi kwa karo vina hatari nyingine, ambayo mfano wake hauko Japani bali Kenya, jirani ya karibu. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 165,000 wa kidato cha nne nchini Kenya walipata alama ya C+ au zaidi, ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu chini ya Fred Matiang'i iliubana wizi wa mitihani, na waliopata alama hiyo wakawa wapatao 89,000. Waliopata A kamili walikuwa zaidi ya 2,600, wakawa 141. Watoto wa Kenya hawakupatwa na tauni katika miezi ile 12, wala uzazi haukusimama miaka 18 nyuma. Ni kipimo tu kilichonyooshwa. Serikali ikaweza kuwapa nafasi wote waliofuzu, na wale wanafunzi wa kujilipia, ambao karo zao zilikuwa zikilipa mishahara na kujenga majumba, wakatoweka. Vyuo vikubwa vilivyozoea fedha hizo vikazama katika madeni ambayo hayajaisha.

Uganda nayo imeonja mawimbi ya namna hiyo. Skuli zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na kwa wanafunzi wengi hazikufunguliwa kikamilifu hata Januari 2022. Mwaka 2021 haukuwa na mtihani wake wa taifa kabisa. Baada ya shimo likaja tuta: watahiniwa wa kidato cha sita walikuwa wapatao 110,000 mwaka 2023, nao wakapita 140,000 mwaka 2024. Mwaka huo huo 2024 kidato cha nne kilifanya kwa mara ya kwanza mtihani wa mtaala mpya, na zaidi ya 98 katika kila 100 walihesabiwa kuwa wamestahili cheti. Rika hilo mwaka wake wa kidato cha sita ni 2026, na mwaka wake wa chuo ni 2027. Msimamizi wa chuo anayetazama mwaka mmoja wa mavuno na kuajiri walimu kwa kipimo hicho anafanya kama mkulima anayejenga ghala kubwa kwa sababu ya mvua moja.

Kumsaidia kijana kuingia kuna njia chache za Serikali, na wazazi wengi hawazijui sawasawa. Kila mwaka Serikali hulipia wanafunzi 4,000 hivi katika vyuo vikuu vya umma. Mpango ulioanza mwaka 2005 uligawa nafasi hizo: 3,000 kwa ushindani wa nchi nzima, 896 kwa wilaya, na zilizosalia kwa wenye ulemavu na wanamichezo. Fungu la wilaya lilikusudiwa watoto wa sehemu kama Koboko, ambayo ilitengwa na Arua kuwa wilaya mwaka 2005. Lakini yalisikika manung'uniko tangu mwanzo kwamba kijana aliyesomeshwa katika skuli za gharama za Kampala aliweza kujitaja kuwa wa wilaya ya baba yake na kuichukua nafasi. Tena upo mkopo wa wanafunzi chini ya sheria ya mwaka 2014, ambao nao huwaelekea zaidi wanasayansi. Kwa hiyo kila njia inamrudisha mtu pale pale, kwenye maabara ya kidato cha tano.

Kuhusu binti lazima isemwe wazi, ingawa wako watakaoona si mahali pake. Katika Uganda nzima, wasichana wapatao mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba. Umri huo ndio umri wa kidato cha tatu hadi cha sita. Jumuiya inayohesabu vijana wake waliostahili chuo kikuu huku ikiwa imewaondoa binti zake katika kidato cha pili inahesabu kwa mkono mmoja. Wako wazazi wasiokataa elimu yenyewe ila wanaogopa safari, mabweni na mji mkubwa, na hofu yao ina sababu. Kwa hao chuo kilicho Arua kina faida ambayo Makerere hakiwezi kuwapa: binti wa Koboko ana kama saa moja ya lami hadi chuoni, anaweza kukaa kwa shangazi yake, na siku ya Ijumaa akawa nyumbani. Faida hii haimfikii asiyekuwa na kidato cha sita. Bweni salama la wasichana wa kidato cha tano na sita, lenye mlezi wa kike na taa za kusomea, huenda likazaa wahitimu wengi kuliko jengo la ghorofa tatu lenye jina la chuo.

Karo nayo ina historia yake hapa. Wapo watu wazima wengi katika Arua waliosomeshwa na tumbaku. Baba alipeleka mzigo kwa wanunuzi, akapokea fedha kwa mkupuo, akalipa muhula. Kilimo hicho kilipofifia hakikuacha zao jingine lenye fedha za mara moja namna ile. Biashara ya mpakani, ya Ariwara upande wa Kongo na ya Oraba upande wa Sudan Kusini, huleta fedha za kila siku, nazo hutoka kila siku. Tena humwita kijana mapema. Mvulana wa miaka 16 anayeendesha bodaboda ya mtu hupata chumo jioni hiyo hiyo, ilhali kidato cha tano chamwahidi kitu baada ya miaka 6. Asilaumiwe kwa kukokotoa hesabu. Afadhali hesabu yenyewe ibadilishwe.

Wako pia wanafunzi ambao hawakuwamo katika hesabu za zamani. Tangu mwaka 2016 Bidi Bidi katika Yumbe imepokea Wasudani Kusini zaidi ya 200,000, na zaidi ya nusu yao ni watoto. Rhino Camp na Imvepi zina wao, na Lobule iliyo Koboko imewapokea Wakongo. Watoto hao husoma mtaala wa Uganda na kufanya mitihani ya Uganda. Wengi wao hufahamu Kiswahili au Kiarabu cha Juba kabla ya Kiingereza, na Waislamu wamo. Mzee aliyepewa kibanda na sahani ya wimbi katika Sudan mwaka 1981 hahitaji kufundishwa jinsi ya kuwatazama. Kwa upande wa vyuo, hawa ni sehemu ya rika litakalogonga mlango baada ya miaka 10, wakipata vidato vya tano na sita vya kupitia.

Basi fedha za Jumuiya zielekezwe wapi? Hili ndilo swali lenye uzito, kwa kuwa fedha ni chache na shilingi moja haiwezi kuwa tofali na karo kwa wakati mmoja. Wenye kutaka chuo kipya husema kwamba jengo huonekana na wafadhili wa nje hupenda kuona. Ni kweli, nao hupiga picha siku ya ufunguzi. Lakini chuo kinahitaji walimu wenye shahada za juu, vitabu, kibali cha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na zaidi ya yote wanafunzi wapya kila mwaka bila kukosa mwaka hata mmoja. Arua ina chuo cha umma na tawi la chuo cha Kiislamu. Mahali pa kusomea shahada papo. Kinachokosekana ni darasa la tano na la sita lenye sayansi, ndani ya mwendo wa baiskeli, katika skuli ambayo mzazi wa Kiislamu ana imani nayo. Maabara moja inayotumiwa kwa zamu na skuli tatu ingegharimu sehemu ndogo tu ya jengo la chuo. Mshahara wa nyongeza kwa mwalimu mmoja wa fizikia akubali kukaa Koboko ungegharimu kidogo zaidi ya hapo. Kama fedha za zaka zaweza kumlipia karo mwanafunzi maskini, hilo ni la masheikh kulitolea fatwa. Lakini wakf wa duka moja sokoni, ambao kodi yake inalipia wanafunzi wanne wa kidato cha tano kila mwaka, hauna mgogoro wowote.

Kuna kazi moja isiyo na gharama ambayo yafaa itangulie zote. Hapa hutajwa mara nyingi kwamba Waislamu wamebaki nyuma, na husemwa kwa huzuni, kama mtu asemavyo habari za ukame. Lakini ni nani aliye na daftari? Serikali huhesabu kwa wilaya, wala si kwa msikiti. Kila msikiti wa Arua na wa Koboko waweza kuwa na kitabu chenye jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, darasa alilomo, mwaka aliofanya mtihani wa darasa la saba na alichopata, kama aliendelea au aliacha, na aliyeacha, sababu yake kwa neno moja: karo, ndoa, mimba, kazi, ugonjwa, skuli mbali. Baada ya miaka mitatu kitabu kama hicho kingeonyesha ni darasa lipi hasa mfereji unapovuja, na kama unavuja kwa wavulana na wasichana mahali pamoja au la. Huenda ikaonekana kwamba Koboko hupoteza watoto wake katika darasa la tano na Arua katika kidato cha pili, na dawa zikawa mbili.

Katibu mwenye hati nzuri na kabati lenye kufuli vyatosha kuianza kazi hiyo. Wa kwanza kuandikwa wangekuwa watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2025, nao, wasiporudia darasa hata mara moja, watamaliza darasa la saba mwaka 2031, kidato cha nne mwaka 2035 na cha sita mwaka 2037, na mwaka 2038 watakuwa mlangoni mwa chuo kikuu.